Kwenda Ulaya si kushindwa

Kuna mwandishi kaandika kwamba Mmarekani akienda kucheza kikapu Ulaya ujue NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, imemshinda. Hapo umeteleza, ndugu mwandishi. Umemsahau Mmarekani Kyle Hines?

Mwaka 2008 hakuna timu ya NBA iliyomchagua. Akaanzia Veroli, daraja la pili Italia, kisha Bamberg ya Ujerumani, halafu Olympiacos ya Piraeus, Ugiriki. Fainali ya EuroLeague, ligi kubwa kuliko zote ya vilabu vya kikapu Ulaya, mwaka 2012 pale Istanbul, walikuwa nyuma kwa pointi 19 dhidi ya CSKA Moscow, wakashinda 62-61! Mwaka uliofuata wakabeba taji tena, kisha jamaa akahamia kwa haohao CSKA aliowaliza, akaongeza mataji mengine mawili, 2016 na 2019. Jumla manne.

Na huyu alikuwa senta, yule mchezaji wa chini ya kikapu ambaye huwa mrefu kuliko wote, wa mita 1.98 tu, kimo ambacho wengi wangemweka pembeni. Mtazame miguu kwenye video zake anapokaba: anamwacha senta anayemlinda, anamzuia mpiga pasi huko mbali na kikapu, kisha anarudi chini ya kikapu kabla mpira haujafika. Tuzo ya mkabaji bora wa EuroLeague kaichukua mara tatu. NBA hakucheza hata mechi moja ya ligi, sawa. Lakini "kashindwa"? Waulize mashabiki wa Piraeus.