Rafiki wa kugombana naye: tusizihukumu haraka shule za viziwi

Kwenye semina za elimu jijini Dodoma siku hizi, shule maalumu za bweni huzungumziwa kama kitu kilichopitwa na wakati. Hoja inayosikika zaidi ni hii: mtoto mwenye ulemavu akitengwa na wenzake atajifunzia wapi kuishi na watu, na hao wenzake watamzoea lini? Ni hoja nzito. Hata hivyo, inaposhushwa kwa watoto viziwi, kuna kitu inakiruka ambacho mwalimu yeyote wa shule ya bweni ya viziwi kama ya Kigwe, wilayani Bahi, anakiona kila muhula.

Mwaka 2004, watafiti wawili wa Marekani, Ross Mitchell na Michael Karchmer, walionyesha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi na wenye usikivu hafifu nchini mwao wana wazazi wanaosikia. Takwimu ni ya kwao, lakini sioni sababu ya Bahi au Mpwapwa kuwa tofauti sana. Maana yake ni kwamba mtoto huyu huzaliwa katika nyumba ambayo hakuna hata mmoja anayeijua lugha atakayoiweza, yaani lugha ya alama. Mama na ndugu watabuni ishara zao za nyumbani: kula, njoo, maji, lala, acha. Kwa ishara hizo mtoto atashiba na mbuzi watarudi zizini. Hazitoshi kumweleza kwa nini baba mdogo na baba hawasemezani tangu msiba wa juzi. Mwenzake anayesikia ameyaokota hayo jikoni bila kufundishwa, kama alivyookota utani, vijembe, na kujua wakati wa kunyamaza mbele ya wakubwa. Kiziwi anafika miaka saba akiwa na akili zake timamu, huku masomo hayo yote yamempita kando.

Sasa mpeleke shule ya kawaida, awe kiziwi pekee darasani. Nimewahi kukaa na watoto wa shule moja ya vijijini Chamwino wakati wa mapumziko. Kijana mmoja kiziwi alikuwa amewekwa golini. Nikauliza kwa nini yeye. "Hasikii filimbi, mwalimu; akikaa golini havurugi mchezo," mmoja wao akajibu. Wakaniambia ni rafiki yao, wanamsaidia kunakili ubaoni, na hakuna anayeruhusiwa kumpiga. Nilipouliza jina lake, watatu walisema "Bubu". Wa nne alienda kulisoma kwenye jalada la daftari.

Wale watoto hawakuwa na ubaya wowote, tena walikuwa na huruma kuliko watu wazima wengi. Lakini huruma humweka mtu katika nafasi ya mgeni, na mgeni hagombani na mtu. Hakuna aliyewahi kumtania yule kijana naye akamtania, kumpa siri akaitoa, wakanuniana siku mbili kisha wakapatana. Hayo ndiyo mafunzo yenyewe ya kuishi na watu, na huhitaji lugha inayokwenda haraka baina ya watu wa hadhi moja. Bwenini, mtoto aliyefika akiwa na ishara kumi za nyumbani hukutana na chumba kizima kinachosengenya kwa mikono. Muda si mrefu ana rafiki, ana adui, ana jina la utani. Mtu akiniambia mtoto huyo ametengwa, humuuliza: ametengwa na nani?

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 kuhusu makundi yanayokutana, wakakuta kuwa kukutana hupunguza chuki na ubaguzi kwa jumla. Sipingi hilo. Watoto wa Chamwino ni mfano wake mzuri: hawakumwogopa mwenzao, na kizazi kilichopita pengine kingemwogopa. Ila kupungua kwa ubaguzi ni jambo moja, na kupata rafiki ni jingine. Takwimu ya la kwanza hutumiwa mno kana kwamba inathibitisha la pili.

Wanaotaja mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wasome pia sehemu ya Ibara ya 24 inayowahusu wasioona, viziwi na viziwi wasioona: inataka wafundishwe kwa lugha na katika mazingira yanayokuza kadiri iwezekanavyo taaluma na maendeleo yao ya kijamii. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo, pamoja na kuelekeza shule za kawaida, inaacha nafasi pale mawasiliano maalumu yanapohitajika.

Kinachonisumbua zaidi kwa upande wangu ni likizo. Juni na Desemba kijana hupanda basi kurudi kijijini, kwa rika ambalo hakukulia pamoja nalo na mama ambaye bado anajua zile ishara kumi. Akimaliza shule, ndio hao atakaoishi nao. Bweni halijalitatua hili, na mwalimu mmoja aliniambia wengine huanza kulia wiki ya kufunga shule, wasitake kwenda nyumbani. Njia ya kati ipo: kukusanya viziwi wa wilaya katika kitengo ndani ya shule moja ya kawaida, wawe wengi kiasi cha kuwa na lugha yao, na wanaosikia wafundishwe lugha ya alama kama somo. Inahitaji walimu wanaozijua alama kweli, na halmashauri ikubali kuwalipia wazazi nauli ya kuja kujifunza.

Naomba pia hoja hii isivutwe kupita mahali pake. Mtoto wa kiti mwendo anaongea lugha ileile ya jirani zake. Wa ualbino vivyo hivyo. Kumpeleka bweni la mbali kwa sababu shule ya kijiji ina ngazi tatu mlangoni ni uvivu wa kumwaga zege.