Nyumbani mnasema nyota, huku wanasema juhudi

Juzi kazini mzee mmoja Mmarekani kaniambia eti bahati mtu anajitengenezea mwenyewe, akatolea mfano mimi, ona wewe umetoka Afrika mpaka hapa Ohio, hiyo siyo bahati kijana hiyo ni juhudi. Nikacheka tu. Huyu huyu tukitoka shifti ya usiku anapitia sheli kununua tiketi ya dola 2 ya Powerball, ile bahati nasibu ya huku, kila wiki hakosi, na uwezekano wa kuipata ile jakipoti ni mmoja kati ya milioni 292. Sasa kama bahati unajitengenezea, ile tiketi ya nini mzee wangu?

Nikipiga simu Dar nakuta kinyume chake. Shangazi anasema wewe mwanangu una nyota, tangu mdogo nilikuwa naiona (tangu mdogo alikuwa ananiambia nina kichwa cha nazi ila tuyaache hayo). Mdogo wangu naye kila Jumamosi mkeka wake unachanwa na timu moja, na kila Jumamosi anasema bro mi sina zali kama lako. Huku kila kitu juhudi, nyumbani kila kitu nyota, na mimi niliyepita katikati naona wote mnanizingua.

Ngoja niwaambie nilivyofika huku.

Mwaka 2010 bahati nasibu ya grini kadi, kile kibali cha kuishi Marekani, ilifunguliwa tarehe 5 Oktoba mpaka tarehe 3 Novemba. Nilikuwa na mshkaji wangu fundi simu, ana kibanda Kariakoo, yeye ndo mtu wa mipango, picha alishapiga mapema, vyeti kavipanga kwenye faili, siku ile ile ya kwanza akaingia intaneti kafe akajaza. Akawa ananisumbua na mimi nijaze. Nikawa namwambia kesho, kesho, mpaka wiki ya mwisho ndo nikajaza, tena pesa ya kafe alilipa yeye, mimi nilikuwa sina hata mia.

Tarehe 1 Mei 2011 majibu yanatoka, jamaa kapata! Mimi nimekosa. Aisee mtaa mzima ulijua, aliprinti ile karatasi akawa anatembea nayo mfukoni, akaanza kumtafuta mtu wa kumwachia kibanda. Kumbe si peke yake, dunia nzima kulikuwa na watu kama 22,000 walioangalia wakakuta wamechaguliwa. Tarehe 13 Mei likatoka tangazo kwamba matokeo yote yamefutwa, kompyuta ilikosea, zaidi ya asilimia 90 ya waliochaguliwa walikuwa wale waliojaza siku mbili za kwanza, na sheria inataka watu wachaguliwe bila mpangilio wowote. Kuna waliokwenda mpaka mahakamani huku Marekani, wakashindwa.

Yaani jamaa kafutiwa kwa sababu ya kuwahi. Hapo ndo huwa natamani yule mzee wa Powerball anisikilize vizuri. Mtu alifanya kila mnachotuhubiria, kajiandaa, kawahi, hakulala, na kweli ikamlipa, halafu wenyewe wakasema hapana hii haikubaliki, inatakiwa iwe bahati tupu, rudini mwanzo. Wakachezesha upya fomu zile zile, tarehe 15 Julai majibu yakatoka, nikapata mimi niliyejaza wiki ya mwisho kwa pesa yake. Yeye hayumo. Sikujua nimwambieje, nilikaa siku tatu nzima sijakanyaga Kariakoo.

Sasa juhudi yangu hapo iko wapi? Mtasema baada ya hapo. Haya, baada ya hapo ni kwamba waliochaguliwa walikuwa kama laki moja na viza ni 50,000, kwahiyo namba yako isipofikiwa kabla ya tarehe 30 Septemba mwaka unaofuata imekula kwako. Na ikifikiwa unatakiwa uwe na pasipoti, hela ya vipimo, ada ya viza, nauli. Mama alikopa kwenye vikoba, baba mdogo kauza pikipiki yake. Mimi nilichofanya ni kwenda usahilini nimevaa shati la kuazima. Watu wakiniambia nimejitengeneza mwenyewe huwa namkumbuka baba mdogo anavyosubiri daladala.

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, nakubali kabisa, ila samaki analetwa na maji na maji hayakujui jina lako. Na kuna mtu kazaliwa Dodoma, huyo upwa wa kugaagaa anautoa wapi?

Watu wa huku bahati zao hawazioni kwa sababu ziko ndani ya ukuta na chini ya barabara. Umeme upo, maji yapo, mtu anaamka anafungua duka lake anafanikiwa anasema ni mimi. Kweli amefanya kazi simkatalii, ila wapo mafundi Kariakoo wanafanya kazi kumzidi. Wakati huo huo nimeona mfanyakazi mwenzetu kaumwa ghafla mara moja tu, bili ya hospitali ikamla akiba yote, na hakuna aliyesema ni mkosi, wanasema angejipanga. Angejipanga vipi na kidole tumbo?

Mshkaji wangu lakini hakubaliani na mimi hata kidogo, tunabishana mpaka leo. Yeye ile hela aliyokuwa anaitunza kwa ajili ya nauli ya Marekani aliichukua akanunua jenereta, na mnakumbuka mgao wa 2011 ulivyokuwa. Mafundi wengine wamekaa gizani yeye kibanda kinawaka, watu wanapanga foleni kuchaji na kutengeneza simu. Saivi ana fremu mbili. Mimi namwambia bahati hiyo, usingefutiwa usingekuwa na ile hela mkononi wakati wa mgao. Anasema bahati gani, mafundi wangapi pale walikuwa na hela hawakununua jenereta? Hapo huwa sina jibu la haraka, nasingizia shifti inaanza.

Nilivyorudi likizo nikapita fremu yake. Ile karatasi ya Mei 2011 kaipiga laminesheni kaibandika ukutani nyuma ya kaunta, katikati ya makava ya simu. Wateja wakimuuliza anawaambia pale nilikuwa Mmarekani kwa siku 12.