Kiinua Mgongo Kwenye Begi Lisilo na Mifuko

Jamani, hivi ni nani aliyeamua kwamba kitu kikipungua bei ipande? Mkate ukisinyaa tunamwangalia muuza duka kwa jicho la pembeni. Sukari ikipunjwa tunaita wajumbe wa mtaa. Lakini begi la kupandia mlima likipunguzwa mifuko, likapunguzwa vyuma, likapunguzwa hata kitambaa mpaka unauona mkono wako upande wa pili, kijana anakutajia laki nne, tena huku anatabasamu.

Yameanza hivi. Sisi wastaafu wa hapa Moshi tunaokunywa kahawa pamoja jioni tumekubaliana kupanda Mlima Kilimanjaro mwezi wa 12, njia ya Marangu, tuwe kwenye kibanda cha Kibo siku ya Uhuru. Atakayeweza kuendelea mpaka kileleni, mita 5,895, aendelee. Atakayeshindwa atatupigia makofi akiwa kitandani. Wengi wetu tulipanda ujanani. Mimi nilipanda nikiwa nimetoka JKT, miguu bado ya serikali, mgongoni begi la turubai ambalo likiwa tupu tu lilikuwa linakaribia kilo tatu. Ndani blanketi la jeshi, sufuria, mchele na nanasi. Nanasi! Hakuna aliyeniuliza gramu. Luteni Alexander Nyirenda alipanda kule mwaka 1961 na bendera na mwenge wa Uhuru, na sijawahi kusikia kwamba mwenge uliwekwa kwanza kwenye mizani.

Siku hizi magoti yangu yanatoa sauti nikishuka kwenye bajaji. Kwa hiyo mwanangu wa pili, anayefanya kazi na watalii, akanikalisha chini.

"Baba, lile zigo lako la turubai liache. Watu sasa wanapanda na vitu vyepesi. Gramu na gramu ndiyo zinazovunja mgongo."

Mimi nimefundishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba, yeye ananifundisha kukimwaga. Nikamsikiliza. Akasema nianze na vikubwa: begi, mfuko wa kulalia na viatu. Hema tusihangaike nalo, maana Marangu ndiyo njia yenye vibanda vya kulala, Mandara, Horombo na Kibo. Hapo nikashukuru Mungu, nikajua nimeshaokoa kilo kadhaa bila kutoa senti.

Nikaenda dukani.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Nataka begi la mlimani, jepesi."

Akalishusha kwa vidole viwili. "Gramu mia tisa, mzee. Hutasikia kama umebeba kitu."

Akataja bei. Hiyo nikaisikia.

"Mbona halina mfuko wa kuweka chupa?"

"Wameutoa kupunguza uzito, mzee."

"Na mkanda wa kiunoni?"

"Huo unauzwa peke yake."

Sasa sikilizeni. Mkanda wa kiunoni ndio unaouhamisha mzigo kutoka mabegani uende kwenye nyonga. Ndio kitu pekee kwenye begi kinachomsaidia mtu wa umri wangu. Wameutoa ili begi liwe jepesi, halafu wanauuza pembeni ili mfuko wangu nao uwe mwepesi. Kikokotoo cha pensheni kilishanikokotoa mara moja, siwezi kukokotolewa tena na kijana wa dukani. Kiinua mgongo changu hakiendi kwenye begi lisilo na mifuko. Nikamwambia nitarudi, akajua sirudi, tukaachana kwa heshima.

Nikashukia kwenye mitumba, Memorial. Kule angalau unashika, unanusa, unavuta zipu mara kumi, na muuzaji hakuoni mshamba. Nikapata begi la kilo moja na nusu lenye mkanda wake na mifuko yake yote, na kwenye mfuko mmoja kulikuwa na tiketi ya treni ya mtu wa Ujerumani. Kwenye mifuko ya kulalia ndipo ukaja ubishi. Mwanangu anataka ya manyoya ya bata: myepesi, unausokota unaingia kwenye kofia. Kweli. Lakini Desemba mvua za vuli hazijaaga, na siku ya kwanza yote kuelekea Mandara ni msitu unaodondosha maji hata mvua ikikatika. Manyoya yakilowa yanashikana madonge na joto linakwisha. Ule wa nyuzi za kiwandani ni mzito zaidi kwa gramu mia sita hivi, ila ukilowa bado unakuhurumia kidogo. Nikachukua huo. Mwanangu akaguna. Aliyelipa ni mimi, na atakayetetemeka kule Kibo ni mimi.

Viatu ni habari nyingine. Wanasema kilo ya mguuni inachosha kuliko kilo ya mgongoni, na hilo nawaunga mkono, maana mguu unaunyanyua kila hatua na mgongo haunyanyuki. Rafiki yangu Baba Glory alipata buti mahali fulani, mtumba lakini mpya kabisa, havijavaliwa, soli haina hata vumbi. Akatutambia wiki nzima. Tukatoka kufanya mazoezi kuelekea Kibosho. Kabla hata hatujaanza kutoka jasho, soli ya kulia ikabaki nyuma. Tukairudia kuiokota, ya kushoto nayo ikaachia. Hazikung'oka, zilimeguka, vipande vipande, mithili ya mkate wa juzi. Kumbe soli za povu za aina ile zinaoza zenyewe zikikaa stoo miaka mingi, hata kiatu kisivaliwe. Alirudi mjini kafunga buti kwa kamba za mgomba, anasema, "Sasa kweli vimekuwa vyepesi."

Halafu kuna fimbo. Eti niwe na fimbo mbili za kaboni, zinazorefuka na kufupika, za kusaidia magoti wakati wa kushuka. Zinasaidia, sikatai, nimezijaribu. Kinachoniuma ni kwamba babu yangu alikuwa na mkongojo mmoja wa mparachichi, alioukata mwenyewe shambani bure, na watu wakimwona wanampisha na kumwambia pole. Mimi ninayo miwili, nimeinunua kwa fedha ya mbolea, na watu wakiniona wananiambia, "Mzee, unapendeza."

Uzito wenyewe nimepimia kwa wale vijana wa mizani wanaokaa karibu na stendi, shilingi mia mbili. Unapanda na begi, unasoma. Unavua begi, unapanda tena, unatoa tofauti. Tofauti ikawa kilo saba. Kijana akaliangalia begi. Akaniangalia mimi, akashuka na macho mpaka kwenye tumbo, akataka kusema neno, akajizuia. Nikampa mia mbili yake na mia moja ya ukimya.

Majirani wananiuliza, mzee unajitesa kwa gramu za nini, si kuna wagumu, wale wapagazi? Wapo, Mungu awabariki. Lakini mgumu naye haruhusiwi kupita kilo 20, na getini mzigo unapimwa. Sisi kwa kubana matumizi tumeamua mmoja atubebee wazee wawili, na mwenzangu ni Baba Glory, ambaye baada ya msiba wa buti anabeba jozi mbili za akiba na Biblia ya maandishi makubwa. Nikimgusia Biblia nitaonekana mpagani. Isitoshe mpagazi anatembea mbio, yuko mbele saa mbili nzima. Mvua ikinyesha, koti lililo kwa mpagazi linamlinda mpagazi. Cha kwako ni kile ulichonacho mgongoni: koti la mvua, sweta, chakula na maji. Na maji mepesi bado hayajavumbuliwa. Lita moja ni kilo moja, ukiwa tajiri au masikini. Tena Kibo hakuna maji. Mnayachota njiani mkitoka Horombo, kwenye kibao kinachowaambia kabisa kwamba hayo ndiyo ya mwisho.

Tatizo langu hasa haliko kwa hao wenye maduka. Nikitoa hiki, umri unaingiza kile. Nilibadilisha sufuria, nikaokoa gramu mia nne. Zikaja miwani ya kusomea, miwani ya kuonea mbali, na miwani ya kutafutia hizo mbili. Nikaacha blanketi la jeshi nyumbani, zikaja soksi za goti mbili, dawa ya kuchua, dawa za presha, na mashine ya kupimia presha, maana mke wangu, Mama Anita, amesema bila mashine hakuna safari. Inakula betri nne. Ipo pia chupa ya usiku. Sitaki maswali. Kule Horombo choo kiko nje, baridi iko nje, na mzee wa umri wangu anaamka zaidi ya jogoo. Nimeifunga utepe mwekundu ili isichanganywe na ya maji, na Baba Glory nimemwonesha mara tatu.

Kijana yangu alipoona hesabu haishuki akachukua kisu akakata mpini wa mswaki. Gramu tano! Akajisifu. Asubuhi tukasikia sauti kutoka bafuni, "Nani kakata mswaki wangu?" Alikuwa amekata wa mama yake. Siku hiyo chai haikuwa na maziwa kwa mtu yeyote mwenye jina la kiume.

Jana usiku nimepanga vizuri, kilo sita na robo, nikalala na furaha. Leo naamka begi limevimba. Kuna ndizi mbivu, chupa ya asali, kitenge, "baridi ikizidi ujifunge," na kopo la dagaa wa kukaanga. Nikasema, Mama Anita, mimi nimetoa laki mbili kupunguza kilo mbili. Akajibu bila kugeuka, "Na mimi nimeongeza mbili bure."

Kwa hiyo nimetoa kikombe. Kilikuwa cha bati, kizito, na hakina tetesi za kuokoa maisha ya mtu. Ukikutana Mandara na mzee mwenye fimbo mbili na kijiko cha titani chepesi kuliko barua, anazungukazunguka karibu na birika lako, mwazime kikombe. Ila angalia kwanza rangi ya utepe wa chupa anayokuletea kumimina.