Kraniofaringioma: Kuutoa Uvimbe Wote au Kuinusuru Haipothalamasi?

Mtoto anapogundulika kuwa na kraniofaringioma, uvimbe usio wa saratani unaoota karibu na tezi ya pituitari chini ya ubongo, wazazi huwa na ombi moja kwa mpasuaji: autoe wote. Kwa miongo mingi wapasuaji wenyewe waliliona hilo kuwa ndilo lengo, na sababu zao hazikuwa dhaifu. Mabaki yasipotibiwa mara nyingi hukua tena. Upasuaji wa pili huwa mgumu zaidi kwa sababu ya makovu. Na mionzi ina madhara yake katika ubongo ambao bado unakua. Hoja hiyo huzidi uzito pale ambapo huduma ni haba. Nchini Tanzania, tiba ya mionzi imejikita katika vituo vichache, kama vile Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza, na familia ya kijijini inaweza kushindwa kurudi kwa vipimo vya MRI mwaka baada ya mwaka.

Kinachosahaulika ni jirani wa uvimbe huo: haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia njaa na matumizi ya nishati mwilini. Tezi ya pituitari ikiharibika, sehemu kubwa ya kazi yake ya kutoa homoni huweza kufidiwa na dawa: haidrokotisoni, thairoksini, homoni ya ukuaji, na desmopresini ya kuzuia mwili usipoteze maji. Si maisha mepesi, kwani homa ya kawaida humlazimu mgonjwa kuongeza dozi ya haidrokotisoni mara 2 au 3, na kukosa desmopresini kunaweza kuua. Mwaka 2009, kijana wa miaka 22 aliyewahi kuugua uvimbe wa ubongo alifariki kwa kukaukiwa na maji akiwa amelazwa hospitalini London, baada ya kukosa dawa hiyo. Lakini dawa angalau ipo. Haipothalamasi, iliyo juu tu ya tezi hiyo, ikikwanguliwa pamoja na uvimbe, hakuna kidonge kinachoirudisha.

Hapo ndipo huanza tatizo ambalo jamii hulielewa vibaya kuliko yote. Haipothalamasi ndiyo inayopokea taarifa ya leptini, homoni itokayo kwenye mafuta ya mwili, kwamba mwili una akiba ya kutosha. Taarifa hiyo isiposikika, mtoto huhisi njaa hata baada ya kula. Mwili wake hutumia nishati kidogo, insulini hupanda, na usingizi humshika mchana. Uzito unaweza kuongezeka hata chakula kikipunguzwa. Majirani humwona mlafi, mama huambiwa anamdekeza, na hata kliniki humrudisha nyumbani na ushauri wa kufanya mazoezi. Baadaye hufuata mafuta kwenye ini, kisukari cha aina ya pili na maradhi ya moyo. Kumlaumu mtoto huyo ni kumwonea.

Ndiyo maana matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 na madaktari wa Ufaransa yanastahili kutazamwa kwa makini. Walipoanza kuacha kwa makusudi kipande kilichoshikana na haipothalamasi, unene uliokithiri ulipungua kutoka asilimia 54 ya watoto hadi 28, bila uvimbe kurudi zaidi ya awali. Mtu anaweza kupinga kwamba makundi hayo yalitibiwa katika vipindi tofauti, na kwamba huduma nyingine nazo ziliboreka. Pingamizi hilo ni la haki. Anaweza pia kuuliza kwa nini asilimia 28 walibaki na tatizo, na jibu ni kwamba mara nyingi uvimbe wenyewe huwa umekwisha kuharibu kabla ya kisu. Hata hivyo, tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza, na tafiti nyingine zimeonyesha kwamba kuacha kipande na kukifuatiliza kwa mionzi hudhibiti uvimbe kwa kiwango kinachokaribiana na kuutoa wote.

Uvimbe usiogusa haipothalamasi na utolewe wote. Hapo sioni ubishi. Ukiwa umeivamia, kipande kiachwe, na safari ya mionzi ipangwe kabla ya mtoto kuingia chumba cha upasuaji. Daktari wa homoni naye aitwe wakati huo huo, si miezi mingi baadaye, kwa sababu uzito huanza kupanda kwa kasi ndani ya mwaka wa kwanza tu, wakati familia bado inaamini kwamba mtoto anakula kwa sababu amepona.