Kabla ya kuchagua mbwa, muulizeni dada

Disemba ikikaribia, picha huanza kumiminika kwenye magrupu ya WhatsApp: vitoto vya mbwa vimerundikana ndani ya boksi, masikio bado yamelala, na chini yake maneno yaleyale, "German Shepherd safi, wiki tano, bei maelewano." Watoto wamerudi kutoka bweni, wanaiona picha, wanaanza kumsihi baba. Baba amesikia wezi wameruka ukuta wa jirani kule Kira au Namugongo, pembezoni mwa Kampala, kwa hiyo hahitaji kusihiwa sana. Mama anauliza nani atasafisha kinyesi, anajibiwa kwa sauti moja, "Sisi!" Kinachobaki ni kuchagua rangi na jina.

Na yule atakayemfuga mbwa huyo, dada wa kazi, hakuitwa kwenye mazungumzo. Yuko nyuma ya nyumba, anafua.

Hili linanikera kuliko mengine yote ya ufugaji wa mbwa mijini kwetu, na ningependa watu waliangalie kwa kalenda. Chukua kitoto cha wiki nane kilicholetwa nyumbani tarehe 15 Disemba. Chanjo ya kichaa cha mbwa hupewa akitimiza miezi mitatu, yaani katikati ya Januari. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua vitoto vya mbwa, huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne, na ya mwisho hupigwa akiwa na wiki 16. Wiki ya 16 inaangukia tarehe 9 Februari. Shule zimefunguliwa. Waliopiga kelele "Sisi!" wako bweni, baba yuko kazini, mama amekwama kwenye foleni ya Jinja Road. Mwezi huohuo meno ya utoto yanaanza kung'oka, na mbwa anatafuna ndala, waya na nguo zilizoanikwa. Kuanzia miezi sita, kama ni jike, ataingia kwenye joto kwa wiki tatu hivi, na madume wa mtaa mzima watakesha getini. Anayebaki na mzigo huo ni dada wa kazi, kwa mshahara uleule aliokubaliana nanyi kabla ya mbwa.

Kwa hiyo aitwe, akae kwenye kiti kama wengine, aulizwe la kwanza: unaogopa mbwa? Wengi wanaogopa, na wana sababu. Kijijini mbwa huumwa na njaa na huuma watu. Mtu anayeogopa hulisha kwa kusukuma sahani kwa mpini wa ufagio, kisha anarudi nyuma upesi. Mbwa akifanyiwa hivyo kila siku anajifunza kwamba chakula huja na fimbo. Baada ya miezi michache anaanza kunguruma akiona ufagio, na siku moja anauuma mkono ulioushika. Hapo watu husema mbwa amekuwa mkali. Mwenye woga anaweza kufundishika, lakini kwa wiki kadhaa za kulisha pamoja na mtu asiyeogopa, kitoto kikiwa bado kidogo, naye awe amekubali mwenyewe.

La pili ni kichaa cha mbwa, na hapa naomba msomaji asiruke mstari. Karibu binadamu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani waliupata kwa mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna dawa ya kumrudisha. Si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia barabarani akiuma watu. Kuna anayelala tu kivulini, taya limelegea, mate yanatiririka, hawezi kumeza, na ukimtazama utaapa kwamba amekwamwa na mfupa. Nani atamfungua kinywa aingize vidole kuutafuta mfupa huo? Yuleyule anayemlisha. Mwambieni mapema, mkimwonyesha kwa vitendo: mbwa asiyeweza kumeza haguswi kinywa, anafungiwa, daktari wa mifugo anaitwa.

Na dada akiumwa na mbwa au hata kukwaruzwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 mkitazama saa. Dakika 15 ni ndefu, jerikeni moja huenda isitoshe. Halafu iodini au spiriti, bila mafuta, bila pilipili, bila majani ya kusaga. Siku hiyohiyo aende kituo cha afya akaanze sindano: kwa kawaida siku ya 0, ya 3, ya 7, na moja zaidi kati ya siku ya 14 na ya 28; jeraha lililopenya ngozi huhitaji pia kinga ya kudungwa palepale kwenye kidonda. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe aangaliwe siku kumi. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma. Hela ya boda na ya matibabu iwekwe mahali dada anapopajua, kwa sababu mbwa hasubiri mwenye nyumba arudi ndipo aume.

Katika nyumba za Waislamu, Bombo au Kisenyi, kikao kina jambo jingine, nalo lisidharauliwe. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi huku, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, lakini mkubaliane kabla: banda lake nje, sufuria na sahani zake mbali, bomba lake la kuoshea. Na kama mwenye kuswali ni dada, msimlazimishe kugusa mate ya mbwa kisha mkamwita mvivu.

Sasa aina. Swali la aina lina jibu fupi kuliko watu wanavyodhani: nani anashika kamba saa nane mchana, na ana kilo ngapi? Rottweiler dume hupita kilo 50. Boerboel wa Afrika Kusini hupita 60. Msichana wa kilo 52 akifungua geti kwa mkono mmoja kumpokea mtoto wa chekechea, na mkono wa pili ukiwa kwenye kola ya mnyama aliyemzidi uzito, huyo hajashika mbwa, ameshikwa. Nyumba isiyo na mtu mzima aliyefundishwa, anayeshinda hapo kutwa, isichukue mbwa wa uzito huo.

German Shepherd ni kilo 30 hadi 40 kwa dume, ana akili sana, na ndiye anayeteseka zaidi kwetu. Manyoya yake ni tabaka mbili, halafu anajengewa kibanda cha mabati kinachogeuka tanuri ifikapo adhuhuri. Ni mbwa wa kazi anayehitaji angalau saa nzima ya kutembea na kufundishwa kila siku, halafu anafungwa mnyororo wa mita moja pembeni ya tangi la maji. Nyonga zake ni dhaifu kwa kurithi, na hudhoofika zaidi akikuzwa mnene haraka na kuteleza kwenye vigae. Ingiza vidole viwili chini ya kola ya mbwa wa namna hiyo: mara nyingi haviingii, na ukiivua unakuta pete ya ngozi tupu, nyekundu, yenye unyevu, na kupe wamejipanga ukingoni mwake. Mnyama yule hamlindi mtu yeyote. Anabweka usiku kucha kwa sababu amechanganyikiwa, na mtaa umeshaacha kumsikiliza. Mwizi anapokuja kweli, kelele zake hazimwamshi mtu.

Mbwa wadogo weupe wa aina ya spitz hubweka vizuri na hutosha uzio mdogo, ila manyoya yao hutaka brashi karibu kila siku kwenye vumbi hili jekundu. Wenye pua bapa, mabulldog na mapug, hushindwa kupumua joto likizidi; niwaombe muwaache. Wanaopanga chumba kimoja ukuta kwa ukuta na jirani, mngoje kwanza.

Kwa nyumba nyingi za Uganda, mimi nasema achukuliwe mbwa wa kienyeji, na nasema hivyo nikijua atachekwa. Huwa na kilo 12 hadi 20. Manyoya mafupi, kupe anaonekana. Usingizi mwepesi: anasikia geti kabla yako. Dada anaweza kumshika. Anayesema mbwa hawa hawana akili aende Gulu, ambako mbwa waliookotwa mitaani wamefundishwa kuwa wenzi wa watu waliobeba majeraha ya vita vya waasi wa LRA, wakitembea nao na kulala mlangoni mwao. Nakubali jambo moja: ukienyeji si chanjo. Parvo inamwua kama inavyomwua wa kizungu, na kichaa hakiulizi ukoo. Ratiba ya sindano ni ileile, na ya kichaa hurudiwa kila mwaka.

Tofauti yake kubwa iko sufuriani. German Shepherd wa kilo 35 anahitaji kwa siku karibu gramu 300 za unga wa mahindi wa posho, gramu 150 za mukene (dagaa) mkavu na kijiko kikubwa cha mafuta. Kwa mwezi ni kilo 9 za unga na kilo 4 na nusu za mukene. Zidisha kwa bei ya soko lako kabla ya kupiga simu ya yule muuzaji. Wa kienyeji wa kilo 15 anatosheka na karibu nusu ya hapo. Mukene uchekechwe na kuoshwa maji mawili, kwa sababu huanikwa juu ya mchanga. Posho iive kabisa, maini yaliyopikwa yaongezwe mara moja kwa wiki, kitunguu kisiingie, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka vipande vikali. Matumbo mabichi hapana. Huleta minyoo ambayo mbwa huipitisha kwa watoto. Na ule unga ulioota ukungu ambao watu husema "tumpe mbwa", umwageni. Sumukuvu iliyofanya Kenya izuie mahindi yetu Machi 2021 huharibu ini la mbwa, naye hudhurika kwa kiasi kidogo kabisa. Anakataa chakula, macho yanageuka manjano, anatapika damu, anakufa, na watu wanalaumu jirani kwamba amemtegea sumu.

Mkishakubaliana wote, kitoto kisitoke kwa mama yake kabla ya wiki nane. Anayeuza atasema zimetimia. Fungua kinywa uangalie: katika wiki ya tano magego ya nyuma ndiyo kwanza yanachomoza; katika wiki ya nane meno yote 28 ya utoto yametoka, madogo na makali kama sindano. Omba kumwona mama. Akikosekana mama, ikakosekana na kadi ya chanjo yenye stika za chupa na sahihi ya daktari, ondoka hata kama watoto wanalia. Kitoto cha wiki tano hakijajifunza kutoka kwa ndugu zake kwamba kuuma kunaumiza, na mara nyingi parvo hujitokeza siku chache baada ya kufika kwenu: kutapika, kisha kuhara damu yenye harufu isiyosahaulika. Kama mbwa aliyetangulia alikufa kwa parvo, sakafu ya sementi ioshwe kwa sabuni, kisha jiki kipimo kimoja kwa maji 30, ikae dakika kumi. Udongo hauoshwi hivyo. Virusi hukaa humo miezi mingi, hata kupita mwaka, kwa hiyo mlete mbwa aliyekamilisha chanjo, si kitoto.

Dawa ya kupe ya ng'ombe isipimwe kwa macho. Ufizi ukipauka, damu ikatoka puani au mkojo ukawa mweusi kama soda, huenda ni homa ya kupe, daktari aje leo. Minyoo kila miezi mitatu kwa mkubwa. Jike asiyekusudiwa kuzaa afungwe kizazi, na dume ahasiwe. Wanaozurura hupata uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, na tiba yake ni sindano kila wiki kwa wiki kadhaa.

Haya yote asomewe dada, kwa lugha anayoielewa vizuri, na nyongeza ya mshahara itajwe kwa tarakimu pale pale. Akisema hapana, basi ni hapana mpaka mpate mwingine wa kufanya kazi hiyo; watoto watalia siku mbili. Akisema ndiyo, aende nanyi kumchukua, yeye ndiye ambebe kwenye gari ili mbwa aizoee harufu yake kwanza. Na daktari akiuliza namba ya simu ya kuandika kwenye kadi ya chanjo, mpeni ya dada.