Ile video ya kibuyu: maelezo ya mtuhumiwa

Ile video ya taa yangu ya kibuyu mnayotumiana tangu jana usiku ni ya kweli. Na yule anayechungulia nyuma ya friji ni mimi. Ila maneno ya Mudi, fundi umeme wangu, kwamba niliikosea taa makusudi kwa sababu malipo yalichelewa, ni uongo mtupu, na swichi aliwasha yeye.

Kwa wageni hapa: natengeneza taa za vibuyu, na viti vya mwembe kutoka ngalawa zilizokwisha kuchoka na bahari. Kibuyu kikishakauka nakikwangua ndani, natoboa matundu kwa drili, sindano ya milimita 2 au 3, naweka balbu. Mchana ni pambo, usiku ukuta wote unajaa nyota. Kitako nachonga mpingo, maana mpingo ni mzito hadi majini unazama, mtoto akiipitia taa haianguki. (Anaanguka yeye. Nimeshuhudia.)

Sasa dada mmoja wa Tabata akaniagiza taa yenye maneno. Mama mkwe wake alikuwa anahamia kwao baada ya kupasuliwa goti, na kila akipiga simu ni wimbo uleule: "Mwanangu, nakuja kuwa mzigo." Dada akataka siku mama akifika, taa zizimwe, ukutani paandikwe kwa mwanga: MAMA MKWE SI MZIGO. Wazo lilinigusa hadi nikampunguzia shilingi 20,000.

Kuna siri ya kazi mnapaswa kuijua. Maneno ukiyatoboa kama unavyoandika daftarini, ukutani yanatokea kinyume, kama yale ya mbele ya gari la wagonjwa. Hilo lilishanikuta mwaka jana. Kwa hiyo kwenye kibuyu naandika kinyume ili ukutani yakae sawa, na hasara yake ni kwamba kibuyu kikiwa mkononi hakisomeki, hata kwa mimi niliyekitoboa. Shikeni hapo.

Nikatoboa, usiku nikajaribu kwa tochi ya simu, yakasomeka yote. Kesho yake napiga msasa, nikasikia ta! Ufa. Umeanzia kwenye S, umeishia kwenye I. Dawa yake naijua: vumbi la kibuyu chenyewe, gundi, unakandika, unasubiri. Nikaziba ufa, na matundu nikayaziba humohumo, nikajiambia kikikauka nitayatoboa upya. Kikakauka. Nikapiga msasa, nikapaka mafuta, kikang'aa, nikakipenda, nikakifunga kwenye gazeti.

Najua mtauliza kama nilijaribu tena. Nilijaribu! Saa nane mchana, kwa balbu kubwa nyeupe, ambayo mwanga wake unatapakaa hadi herufi zinakuwa ukungu. Niliangalia kama inawaka. Iliwaka.

Jana sasa. Sebuleni watu kama ishirini, pilau inanukia. Mama yuko kwenye kochi, goti limefungwa, mkongojo ubavuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi? Mungu akubariki."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Hiyo mikono miwili ndiyo inayoniuma mpaka saa hizi.

Mudi akafunga balbu ndogo ya kioo kitupu, ile yenye nukta moja tu ya mwanga, inayotoa herufi kali kama wembe. Mwenye nyumba akazima taa. Giza. Watu wakahesabu kwa pamoja. Moja. Mbili. Tatu.

Ukutani, juu kabisa ya picha ya harusi, kila herufi ukubwa wa sahani:

MAMA MKWE          MZIGO

Katikati palikuwa na pengo jeusi, kama mtu aliyeng'oka meno mawili ya mbele. Pengo hilo nililiona peke yangu. Wenzangu waliunganisha.

Kukawa kimya. Nikajipa moyo kwamba labda wameduwaa kwa uzuri wa kazi. Kumbe chini kwenye zulia kulikuwa na mtoto wa darasa la pili, ndio kwanza amejua kusoma na anasoma kila kitu hadi mifuko ya unga. Akanyoosha kidole.

"Ma-ma."

Dada akageuka kunitazama.

"M-kwe."

Nikatafuta mlango. Mlango ulikuwa upande wa mama. Upande wangu kulikuwa na friji.

"M-zi..."

Shangazi mtu akamrukia akamziba mdomo. Alichelewa. Ile "go" ilipenya katikati ya vidole.

"Washa taa!" mwenye nyumba akafoka. "Washa taa we kijana!" Fundi umeme wangu hakuwasha kitu, mkono wa swichi ulikuwa umeshika simu, anarekodi.

Ndipo mama, hukohuko gizani, taratibu kabisa, akasema: "Si nilisema mimi? Mkabisha. Haya, hata kibuyu kimekubali."

Nyie, ile SI niliyoitafuta kote ikatokea mdomoni mwake.

Watu wakacheka hadi pilau ikaungua. Dada hakucheka. Nikakichukua kibuyu uani, nikachoma msumari kwenye jiko la mishikaki, nikatoboa SI kwa kukisia, kinyume, mikono inatetemeka. Imetoka kubwa mara mbili ya maneno mengine.

Leo asubuhi dada amenitumia hela iliyobaki pamoja na ujumbe: mama anauliza hiyo SI mbona kama inagombana na mtu. Halafu anataka kigoda cha kuegeshea mguu, cha mbao ya ngalawa. Kisiwe na maandishi.

Mudi, futa video.