Nyota ya Ustadhi na Setilaiti ya Ngomeni

Juzi, katika darsa la baada ya alasiri hapa Malindi, ustadhi mmoja alitusomea aya ya Suratu Twariq inayotaja nyota yenye mwanga mkali, kisha akatangaza kwa sauti ya ushindi kwamba mashimo meusi wanayojivunia wanasayansi, yaani vitu vya angani vyenye mvutano mkubwa hata mwanga hauponyoki, yamo ndani ya Kurani tangu karne 14 zilizopita. Watu wakapiga takbiri. Mtoto wa miaka kama kumi, aliyekaa karibu na nguzo, akanyosha mkono na kuuliza: “Ustadhi, wao waliyaonaje?” Akaambiwa aache ujuaji.

Swali la mtoto huyo lina jibu, na sehemu ya jibu hilo iko baharini kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la kurushia roketi la San Marco, mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani, ikapewa jina la Uhuru. Miali hiyo huzuiwa na hewa ya dunia, kwa hiyo haipimiki kutoka juu ya dari ya nyumba. Uhuru iligundua kuwa miali ya Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksirei angani, hubadilika kwa muda usiotimia sekunde moja, jambo lililoonyesha kuwa kinachoitoa ni kitu kidogo mno, na uchunguzi uliofuata ukawaelekeza watafiti kwenye shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alitunukiwa Nobeli mwaka 2002. Sisi tumefika mwishoni, kwenye takbiri.

Mimi ni Mwislamu, na naudhiwa na uvivu uliovishwa kanzu. Ikiwa aya ile ilikuwa wazi kiasi hicho, mbona hatukuyataja mashimo hayo kabla wengine hawajayatolea jasho? Tena nadharia za sayansi hurekebishwa, na anayeitundika aya kwenye nadharia ya leo huenda kesho akalazimika kuitundua mbele ya vijana wale wale, ambao hawatailaumu nadharia. Jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, watu walisema limepatwa kwa msiba huo. Mtume akawaambia kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Angenyamaza, nani angembishia?



Nakiri, shingo upande, kwamba ustadhi alikusudia kheri, na kwamba Kurani inatuhimiza kuzitazama mbingu. Al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu wa karne ya 11, alizitazama, akapima na ukubwa wa dunia, wala hakumfokea aliyeuliza.

Tulipokuwa tukivaa viatu nilimweleza yule mtoto habari za Ngomeni. Akaniuliza kama majukwaa yale bado yapo, na kama mashua ya babake inaweza kuyakaribia.